Upole si Unyonge

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Walitaka tujue kuwa kiungo hiki kilaini chaweza kuumiza hata mahali ambapo fimbo haifiki. Juma hili yafaa tuutazame upole, ambao Mtume Paulo, alipowaandikia Wagalatia, aliuhesabu katika tunda la Roho, akauweka karibu kabisa na kiasi. Tunda halipachikwi mtini kwa siku moja. Hupaliliwa, hungojewa, na aghalabu huiva polepole.

Wako wadhanio kwamba upole ni unyonge. Baba huogopa kuwa akisema kwa sauti ya chini watoto hawatamheshimu. Msimamizi wa kazi hufikiri kuwa asipofoka kazi italala. Lakini Yesu, aliyejiita mpole, ndiye huyo huyo aliyezipindua meza za wabadilisha fedha hekaluni. Hakukosa nguvu wala ujasiri. Upole ni nguvu iliyotiwa hatamu, na mwenye kuishika hatamu hiyo ni mtu hodari kuliko mwenye kupiga kelele.

Twende Iwawa, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Makete, juu katika milima ya Mkoa wa Njombe. Baridi ya Juni na Julai huko huwakusanya watu wa nyumba moja kuuzunguka moto, na maneno yasemwayo hapo motoni ndiyo malezi ya mtoto. Makete ni miongoni mwa wilaya zilizoumizwa vibaya na UKIMWI. Wazazi wengi walifariki, na mabibi waliokwisha kulea watoto wao wakaanza upya kulea wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliishi na virusi, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanane, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4.

Dawa za kufubaza virusi zipo. Wilaya hiyo ina hospitali za makanisa, ya Walutheri kule Bulongwa na ya Wamisionari wa Konsolata kule Ikonda. Mgonjwa azimezaye dawa hizo kila siku bila kukosa huweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi na kulea wanawe. Virusi vikishafifia hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake katika unyumba.

Lakini dawa hizo humezwa nyumbani, mbele ya macho na midomo ya watu. Tuchukue mfano wa mama anayeambiwa na shemeji yake, mbele ya watoto, kwamba maradhi aliyataka mwenyewe. Kesho ataficha kichupa chake nyuma ya debe la unga. Keshokutwa wageni watakaa hadi usiku, naye ataona haya kukitoa. Siku moja iliyokosekana itazaa ya pili, na virusi vitapata nafasi ya kuinuka tena. Neno lililotamkwa kwa dakika moja limebomoa kazi ya mganga ya miezi mingi. Na yatima aambiwaye kila anapomwaga uji kuwa yeye ni mzigo wa watu, huyo naye hujifunza kunyamaza hata anapougua.

Injili ya Yohana, katika sura ya 8, yasimulia habari za mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu na watu waliotaka kumpiga mawe. Yesu hakujibu papo hapo. Aliinama kwanza, akaandika kwa kidole katika ardhi. Alipoinuka na kusema, mawe yalianguka chini yenyewe, na mwanamke akaagizwa asitende dhambi tena. Kosa halikuitwa wema, lakini mtu hakuangamizwa. Ule muda wa kuinama ndio shule ya upole.

Nawe msomaji, ikiwa unafanya kazi Njombe mjini, au katika msongamano wa Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwendea Songea, shule hiyo haiko mbali nawe. Mtu akikukanyaga katika basi, inama moyoni kabla ya kufungua kinywa. Mzee asiyejua kujaza fomu akifika dirishani pako, mwulize shida yake kabla ya kumkemea. Urudipo nyumbani umechoka, usiwalipe watoto deni la hasira ya kazini. Na ukimkaripia mtoto bila haki, mwombe radhi. Heshima ya mzazi haitapungua kwa hilo, bali mtoto atajifunza kuwa kweli haina mkubwa.

Haya ni mambo madogo, wala hayahitaji mimbari. Ila mtu aliyezoea kuinama katika madogo ndiye atakayeweza kuinama siku ndugu yake atakapomjia usiku, akitetemeka, kumweleza alichoambiwa hospitalini. Siku hiyo jibu lake laweza kuwa dawa, au laweza kuwa jiwe. Basi tuanze leo, ndugu msomaji, kuuzoeza ulimi.