Sumu ya Mizoga Ipigwe Vita

Tumbusi hana mtetezi. Sura yake haipendezi na chakula chake ni mizoga, hata wapo wanaomhesabu kuwa ni nuksi. Lakini anapotoweka, umma hulipa. Huko India tumbusi walipungua kwa zaidi ya asilimia 95 tangu miaka ya 1990, kisa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mizoga ikaachiwa mbwa koko, nao wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa chao. Serikali ilipoipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, ndege walikuwa karibu wamekwisha.

Katika Afrika adui mkubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hutia mzoga dawa ya wadudu ili kulipiza kisasi. Jangili naye hufanya hivyo kwa hila nyingine: tumbusi wakizunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Juni 2019, nchini Botswana, mizoga ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Hasara hiyo haifidiki kwa mwaka mmoja wala miwili. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu. Huliatamia karibu miezi miwili, kisha kinda hukaa kiotani yapata miezi minne akilishwa na wazazi wote wawili, na hupita miaka kadhaa kabla naye hajaanza kuzaa. Mzazi mmoja akifa wakati wa kulea, aghalabu kinda naye amekufa. Tena ndege hawa hawajui mipaka. Wa Serengeti huenda kula Maasai Mara, hivyo sumu ya kijiji kimoja huwamaliza ndege wa nchi mbili.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Lakini sumu haioti porini. Hununuliwa madukani na minadani, na maofisa kilimo wa wilaya wana wajibu wa kujua nani anaiuza na kwa nani. Vilevile, mfugaji ambaye faili lake la kifuta jasho limelala mezani kwa ofisa kwa miezi mingi hawezi kuhubiriwa habari za yai moja la tumbusi. Mafaili hayo yashughulikiwe. Walimu wa vijijini nao wawafundishe vijana kwamba mzoga unaoshukiwa kuwa na sumu hauguswi. Hutolewa taarifa kwa askari wa wanyamapori siku hiyohiyo, ili uteketezwe kabla ndege wengine hawajaushukia.