Ramani za mitaro zinahitaji mwenyewe



Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakirekodi nyumba, vichochoro na mitaro, kisha taarifa hizo zikawekwa kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambako yeyote huzitumia bila malipo. Sensa haiwezi kuchukua nafasi ya ramani hizo: hufanyika kila miaka 10 na huhesabu watu na makazi. Haisemi mtaro upi umeziba. Hilo hulijua mwenyekiti wa mtaa. Lakini mitaro hubadilika kila masika, na ramani iliyopitwa na wakati humpotosha mhandisi. Halmashauri, mamlaka ya maji na shirika la umeme, TANESCO, zitumie ramani moja, na kila kata iwe na mtu anayelipwa kuisahihisha.