Kanuni ya Ohm si ya Mtihani Peke Yake

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hapa Lodwar, wengi wetu wa kidato cha tatu tunaweza kukariri kwamba volti ni mkondo mara ukinzani, hata usingizini. Lakini muulize mmoja wetu kwa nini balbu ya sola nyumbani kwao inafifia, utamwona anakuna kichwa! Maoni yangu ni kwamba kanuni hii tumeifungia katika karatasi ya mtihani, ilhali kazi yake iko nyumbani.

Nitatoa mfano. Mjomba wangu ana kibanda huko Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, ambapo vijana hulipa kutazama mpira. Televisheni yake ni ya wati 60 na inatumia betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Mechi ikipamba moto tu, televisheni inajizima. Muuza duka akamwambia betri imekufa. Mjomba akauza mbuzi wawili, akanunua mpya. Wapi! Ikajizima vilevile.

Nilipomtembelea likizo ya Agosti, niliazima mita kwa fundi wa redio. Kwenye betri nilipata volti 12, lakini kwenye televisheni zilifika volti 10 tu. Mkondo ulikuwa ampea 5. Je, volti 2 zilipotelea wapi? Kwenye waya, ambao ulikuwa mrefu na mwembamba. Nikagawanya 2 kwa 5, nikapata ukinzani wa omu 0.4. Nikazidisha 2 kwa 5, nikaona wati 10 zinapasha waya joto bure. Ile betri ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

"Kumbe mbuzi wangu wameliwa na waya!" mjomba akasema. Tulisogeza betri karibu, tukaweka waya mfupi ulio mnene. Siku hizi mpira unaonekana hadi kipenga cha mwisho.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi ni za mainjinia. Sikubaliani nao, kwani mainjinia nao hutumia hizi hizi. Stima ya Turkwel, kituo cha megawati 106, husafirishwa hadi Lessos kwa volti 220,000. Volti zikiwa nyingi, mkondo unapungua. Na mkondo ukipungua kwa nusu, hasara kwenye waya inabaki robo tu. Tofauti yao na mjomba ni kwamba wao walipiga hesabu kabla ya kununua waya.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wetu wa fizikia watupe zoezi la kupima betri na nyaya za nyumbani. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, maana kila jioni tunarudi pale pale penye shida. Nasema betri ya volti 12, jamani, si stima ya volti 240 ambayo huua. Pili, kabla mzazi hajatoa pesa dukani, mtoto wake asome volti na wati zilizoandikwa kwenye kifaa, apige hesabu.

Mbuzi wawili si mchezo. Tusingoje waliwe ndipo tufungue madaftari.