Macho Yaliyozoea Nayo Hudanganya



Kwa miaka mingi sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tulikadiria kwa macho damu anayopoteza mama akisha kujifungua. Tulitazama shuka na pamba, tukasema, "Ni ya kawaida hiyo." Usiku mmoja tulisema hivyo kwa mama wa watoto wanne. Haukupita muda, midomo yake ikawa myeupe na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Tulihangaika naye mpaka alfajiri, akapona. Lakini nusura atutoke.

Asubuhi tuliketi, kila mmoja akiogopa lawama. Mkuu wetu wa wodi hakuuliza, "Nani kakosea?" Aliuliza, "Tuliona nini, saa ngapi, na tungefanya nini mapema zaidi?" Ndipo mdogo wetu, mgeni kazini, akasema kwamba damu ile ilimshtua, ila aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Maneno yale yalituchoma.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama huwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu ikusanyike humo. Ikifika nusu lita, au hata kabla ya hapo kama kuna dalili mbaya, tiba zote hutolewa kwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Penye utaratibu huo, hatari ya kutokwa damu kupita kiasi, kupasuliwa tumbo ili kuizuia, au kufa kwa sababu yake ilipungua kwa asilimia 60. Kumbe kupima ni bora kuliko kukisia, hata kwa mzoefu.

Nyumbani na katika vikundi vyetu ni vivyo hivyo. Mtoto akishindwa mtihani, au fedha za kikundi zikipungua, tusianze kumtafuta mkosaji. Tuulize kilichotokea, tuchague jambo moja la kubadilisha, na baada ya mwezi tulitazame tena.

Nawe uliyejifungua, ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukisikia kizunguzungu, usione haya: sema, au rudi hospitali mara moja.

Siku hizi, katika kikao chetu cha asubuhi, mdogo ndiye anayeanza kusema.

Tuonane mwezi ujao.