Taa za mbele zinawaka, na za nyuma?

Mama mmoja aliyenunua motokari iliyotoka Japani ametuuliza: «Kwenye fimbo ya taa kuna neno AUTO. Nikiiacha hapo, bado nina kazi ya kuwasha taa mimi mwenyewe?»

Kazi bado iko, na si ndogo. Taa zikikosekana, anayeumia kwanza si yule aliyekaa ndani. Ni mama aliyepanda wewa na mtoto mgongoni, ni watoto wanaovuka barabara jua likitua na umeme umekatika.

Juu ya tablo, karibu na kioo cha mbele, mara nyingi kuna kitu kidogo cheusi kama kifungo. Hilo ndilo jicho la motokari. Linapima mwanga: giza likiingia, linawasha taa. Kule Japani sheria inadai jambo hilo kwa aina mpya za motokari tangu Aprili 2020, basi zitazidi kutufikia. Lakini jicho hilo halijui kama wengine wanakuona. Wakati wa mvua kubwa, wa ukungu wa asubuhi, ao wa vumbi la kiangazi nyuma ya kamiyo, mbingu inaweza kuwa nyeupe bado. Jicho linahesabu kwamba ni mchana, na taa zinabaki zimezimwa. Hapo ni mkono wako utakaowasha.

Kuna mtego mwingine, na huu unaniogopesha zaidi. Motokari nyingi za sasa zina taa ndogo za mchana, zinazowaka mbele mara injini inapowaka. (Ulaya zinadaiwa kwa aina mpya za motokari ndogo tangu Februari 2011.) Mara nyingi taa hizo ni za mbele tu. Shofa anaona mwanga mbele yake, anaona tablo inang'aa, anajua moyoni kwamba amewasha. Nyuma yake ni giza tupu, na kamiyo inayotoka Kasumbalesa inakuja kwa mbio.

Jioni moja, injini ikiwaka, teremka uzunguke motokari yako. Nyuma kukiwa giza, geuza fimbo mpaka taa nyekundu za nyuma ziwake, na ukumbuke mahali ulipoifikisha. Ukiwa ndani ya taksi, mwulize shofa bila haya. Wengine watacheka, waache wacheke, mradi waangalie.

Motokari za volani kuume zina shida nyingine. Zilitengenezwa kwa nchi ambako watu wanapita kushoto, kwa hiyo taa zao za chini zinapandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, kuonyesha ukingo wa njia. Sisi tunapita kuume. Mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja, na ukingo wetu, wanakopita wenye baiskeli za makala, unabaki na mwanga mdogo. Waingereza wakivuka kwenda Ufaransa hubandika kipande cha plastiki juu ya taa kwa sababu hiyohiyo. Mwulize mekanisie kama inawezekana kuweka taa za kupita kuume. Kuzishusha tu hakumalizi shida.

Kuna pia motokari zinazoshusha taa kubwa zenyewe. Zinatafuta taa za motokari nyingine. Mama anayetembea na beseni kichwani hana taa, basi zinaweza kumwangaza machoni mpaka asione shimo. Ukimwona, shusha wewe.

Na kwa wenye kupakata mtoto kwenye kiti cha mbele: mfuko wa hewa ulio ndani ya tablo unafunguka kabla hujafumba jicho, kwa nguvu inayoweza kumwua mtoto mchanga. Mtoto akae nyuma. Mkanda mmoja usiwafunge wawili, kwa sababu ajali ikitokea, mwili wako ndio utakaomkandamiza.

Kama unataka kununua, geuza ufunguo na uangalie tablo: alama nyekundu ya mtu aliyekaa mbele ya duara inapaswa kuwaka kwa muda mfupi, kiisha izimike. Ikibaki inawaka, mfuko una kasoro. Isipowaka hata kidogo, inawezekana mtu ameondoa taa yake ili usijue. Usitoe pesa kabla mekanisie wako, si wa muuzaji, hajaifungua.