MAZUNGUMZO YA JUMA: Tanuri la Mkate Nyuma ya Nyumba



Wazee walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima, lakini tanuri langu lilivunjika. Leo napenda kuwasimulieni jinsi lilivyovunjika, na jinsi la pili lilivyojengwa likasimama, ili yeyote atakaye kuoka mkate nyumbani kwake asipite njia niliyopita mimi.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mama watoto wangu na akina mama wenzake watatu walipatana kuoka mikate ya kuuza siku ya mkutano wa wazazi shuleni. Wakachukua unga wa ngano kilo 12 kwa mkopo. Mimi nikajitolea kuwajengea tanuri la udongo uani, maana nilikuwa nimesoma habari zake katika kitabu, na tayari nilijiona fundi kamili. Jirani yetu mmoja, mzee aliyechoma matofali tangu ujana wake, alikuja akaitazama kazi yangu, akaugusa udongo kwa kidole, akasema, "Bwana Karani, usiwashe moto bado. Udongo huu una maji tumboni." Nilimjibu kwa adabu, "Ahsante, Mzee." Lakini moyoni nilisema, mzee huyu hajui kusoma, atanifundisha nini?

Siku ya nne nikawasha moto mkubwa. Haukupita muda mrefu tukasikia mlio, ufa ukatokea juu, na kipande cha kuba kikaangukia motoni. Wakati huo unga ulikuwa umekwisha kandwa na kuumuka, na mkutano ulikuwa kesho yake. Mama watoto hakunigombeza; afadhali angenigombeza. Aliteleka karai la mafuta juu ya mafiga, akakaa na wenzake mpaka usiku wa manane wakikata unga ule na kuukaanga. Maandazi yaliuzwa yote, lakini mafuta nayo yalikuwa yamekopwa, na faida haikuonekana. Deni la mafuta nililipa mimi kutoka katika mshahara wangu, na ilikuwa haki.

Asubuhi nilikwenda kwa yule mzee nikamwomba radhi. Hakunicheka. Alinionyesha makosa yangu mawili. La kwanza ni maji. Maji yakichemka na kuwa mvuke hutaka nafasi kama mara 1,600 kuliko ile ya kwanza. Mvuke ukikosa njia ya kutoka hupasua udongo. La pili ni kwamba nilitumia udongo mtupu. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hujikunja, bali mchanga haujikunji. Kwa hiyo mchanga ndio unaozuia nyufa. Niliporudi nyumbani nikakifungua kitabu changu tena. Nikakuta maonyo yote mawili yameandikwa humo, nami niliyaruka kwa ajili ya haraka. Basi kosa halikuwa la kitabu.

Sasa nitaeleza jinsi tulivyojenga tanuri la pili, mzee akiwa mkuu wa kazi na mimi mbeba maji.

Kwanza chagua mahali palipo mbali na paa la nyasi na ghala la mahindi, ambapo upepo hauleti moshi nyumbani. Jenga jukwaa la mawe kufika kiunoni, ili mwokaji asiumie mgongo. Juu yake mwaga majivu au mchanga unene wa inchi nne, kisha panga matofali ya kuchoma yakae sawasawa bila chokaa wala saruji. Hiyo ndiyo sakafu ya tanuri. Yetu ina upana wa inchi 27.

Pili, changanya udongo. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, kwa kuwa mchwa wamekwisha uchambua. Twaa karai moja la udongo na makarai mawili au matatu ya mchanga, tia maji kidogo kidogo, ukanyage kwa miguu. Ili kuujaribu, fanya tonge kama chungwa, uliangushe kutoka kifuani. Likipondeka kama chapati, maji yamezidi. Likivunjika vipande vipande, udongo umepungua au ni mkavu mno. Likibaki zima, kazi iendelee.

Tatu, rundika mchanga wenye unyevu juu ya sakafu, uupigepige uwe kama chungu kilichofudikizwa, kimo chake inchi 16. Ufunike kwa magazeti yaliyoloweshwa, ili baadaye ujue mchanga unapokwisha na udongo unapoanza. (Bwana Mhariri asinikasirikie; tulitumia matoleo tuliyokwisha kuyasoma.) Halafu jenga udongo kuuzunguka, unene wa inchi tatu au nne, ukianzia chini. Udongo ukishika, lakini kabla haujakauka kabisa, kata mlango wa kimo cha inchi 10, kisha utoe mchanga wote. Ukiuacha ndani, udongo unapojikunja utaukuta mchanga umeuzuia, na hapana budi utapasuka. Kimo cha mlango kisizidi sana inchi 10 kwa kuba la inchi 16: ukiwa mrefu mno joto hutoroka, ukiwa mfupi mno moto hukosa hewa.

Nne, vika kuba nguo ya pili, yaani udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, unene wa inchi nne. Nguo hiyo hulinda joto. Jenga kipaa cha mabati juu yake, kwa maana mvua ni adui wa udongo.

Tano, ndugu zangu, ngoja! Tuliliacha tanuri majuma mawili. Baadaye mzee aliwasha vijiti vichache tu, siku moja baada ya nyingine, akizidisha kidogo kila siku, mpaka mvuke ukaacha kuonekana. Nyufa ndogo zilitokea, nasi tukaziziba kwa udongo. Hizo si za kutisha.

Siku ya kuoka, washa moto wa kuni kavu ndani ya tanuri kwa muda wa saa mbili au tatu. Mwanzoni kuba litakuwa jeusi kwa masizi. Masizi yakiungua na udongo ukarudi rangi yake, joto limetosha. Vuta makaa yote nje, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kilichofungwa mtini, funga mlango kidogo ili joto lienee. Tupa unga kidogo sakafuni: ukiwa mweusi mara moja, ngoja, ukigeuka kahawia polepole, tia mikate. Joto la mwisho lisipotee bure: baada ya mikate tia viazi vitamu, kisha chungu cha maharagwe, na mwishowe kuni za kesho zikauke.

Wala maarifa haya si mageni. Wenzetu wa pwani huoka mkate wa mofa katika tanuri la udongo, na katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na mlima wa moto mwaka 79, matanuri yenye kuba yamechimbuliwa pamoja na mikate iliyogeuka makaa.

Mkate wetu wa kwanza ulipotoka, mama watoto aliufunga katika kitambaa safi, akanipa mimi, akasema, "Baba, mpelekee Mzee ungali moto." Nikaupeleka. Mzee aliumega, akaunusa, akasema, "Sasa udongo hauna maji tumboni." Deni la unga limekwisha lipwa, na akina mama wale huoka kila Ijumaa.

Msomaji mwenye tanuri lake, au mwenye njia iliyo bora kuliko yetu, na atuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Safari hii nitasikiliza.