Tuuzieni sahani bila wali

Jamani mnaouza chakula kwa WhatsApp, sisi wenye kisukari mnatupoteza hivi hivi.

Mimi nauza viatu mtandaoni. Nikifuata mzigo Kariakoo nakula hukohuko, na ubishi ni uleule: naomba samaki na mchicha, wali usiwekwe, naambiwa "haiuzwi hivyo, dada". Nalipa, wali nauacha, mboga yenyewe vijiko viwili. Chai nayo inaletwa ishatiwa sukari.

Sasa kuna dada mmoja naagiza kwake. Siku ya kwanza aliniuliza: "Nitoe wali nikuongezee mchicha na kachumbari, bei ileile?" Basi. Sijahama tena, na punguzo sikudai. Kwenye posti andikeni tu kwamba wali unaweza kubadilishwa kwa mboga.

Ila msiandike "chakula cha wenye kisukari". Kila mtu ana dawa zake na masharti ya daktari wake. Mimi niliwahi kuuziwa juisi ya embe "haina sukari", baada ya saa mbili kipimo kikasoma 16. Embe lenyewe si lina sukari yake! Semeni kilichomo, pamoja na ile sukari mnayotia kwenye mchuzi kukata uchachu wa nyanya.